Na Kulwa Yuko Wapi?

Ndani ya shavu langu la kushoto kuna kigongo kidogo kama punje ya mtama, na ulimi wangu hauishi kukipitia. Juzi nilikwenda kwa daktari wa meno, kijana mwenye miwani na mikono mipole, akakigusa na kile kioo chake akauliza, "Mama, una tabia ya kujing'ata hapa?" Nikamwambia nilikuwa nayo, niliiacha zamani. Akasema wako wengi, hasa watu wenye mawazo, kisha akaendelea na jino langu bovu. Sikumweleza zaidi, kwanza mdomo ulikuwa umejaa pamba, halafu nje kulikuwa na foleni ya watu walioshika mashavu. Lakini nilirudi nyumbani na harufu ya dawa puani, na tangu siku hiyo dada yangu hanitoki kichwani.

Tulikuwa pacha. Kwetu Mwanza pacha hawasumbui mtu kuwatafutia majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, kazi imekwisha. Mimi ni Doto. Na wenzangu mnaoitwa hivyo mnajua kwamba jina hili halisimami peke yake. Mwambie mtu unaitwa Doto, hata kama ndiyo kwanza mmekutana kwenye foleni ya sabuni, hapo hapo atakuuliza, "Na Kulwa yuko wapi?" Si udaku, wala hana nia mbaya. Ni kama salamu, na mtu anategemea ujibu kama unavyojibu salamu. Mama yangu naye alikuwa Mama Kulwa, kwa majirani, kwa balozi wa nyumba kumi, hata kwa mama mkwe wake.

Tulikaa ufukweni upande wa Kayenze, kwenye mji wa babu uliozungushiwa minyaa, katikati ya mawe makubwa ambayo tuliyapanda mpaka magoti yakachubuka. Baba alilima pamba na akatega ndoano ziwani. Kulwa ndiye alikuwa msemaji. Mimi nikiumwa tumbo, Kulwa ndiye anayekwenda kumwambia Mama. Mimi nikitaka kipande cha samaki, Kulwa ndiye anayenyoosha mkono. Baba alimwita Katibu, mimi akaniita Mjumbe, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuitikia tu. Sikuona ubaya wowote. Mtu mwenye wa kumsemea anahangaika na maneno ya nini?

Halafu ikaja surua. Nyumba nyingi ziliguswa, na sisi tulilazwa kwenye mkeka mmoja, macho yametuvimba, midomo imepasuka. Mimi nikapona. Asubuhi moja niliamka kwenye kitanda cha Bibi, mama yake Baba, na sikujua nimefikaje pale. Nje watu walikuwa wengi na hakuna aliyepaza sauti. Hilo ndilo lililonishtua, maana misiba niliyoijua ilikuwa na makelele.

Bibi alinishika mkono mpaka kwenye minyaa, walipokuwa wamechimba kaburi. Akainama sikioni kwangu. "Usilie, mama. Pacha haliliwi. Nyie sauti zenu ni moja. Akisikia kilio chako atajua anaitwa, atarudi akuchukue. Umenisikia?" Sijui kama hiyo ni desturi ya Wasukuma wote au ya ukoo wetu tu, nimewauliza wengi na kila mmoja ana jibu lake. Ninachojua ni kwamba Bibi aliamini. Alikuwa amempoteza mmoja, na alikuwa ananishika ili asimpoteze wa pili. Nilikuja kumwelewa nilipokuwa na wajukuu wangu mwenyewe.

Mimi siku hiyo nilielewa jambo moja tu, kwamba nikilia nitakufa. Na kilio kilikuwa kimeshafika kooni. Nilifunga mdomo kwa nguvu, nikasikia nyama ya shavu imeingia kati ya magego, nikabana. Iliuma vibaya sana. Nikaonja damu, chumvi chumvi. Na kilio kikarudi chini, loo, kikarudi kabisa! Nilishangaa. Bibi akanitazama machoni, akaona makavu, akaniambia mimi ni mtoto mwenye akili.

Basi nikawa nimepata dawa. Akipita mtu na kuuliza, "Doto, na Kulwa yuko wapi?", nabana. Mama akiitwa "Mama Kulwa" na kuitika kwa sauti ile iliyopungua, nabana. Haukupita muda mrefu ikawa sihitaji hata kuulizwa. Nikichunga mbuzi nabana, nikichambua mchicha nabana, na meno yalikuwa yakienda yenyewe mahali pale pale, kushoto, penye kidonda, maana penye kidonda panauma upesi.

Kabla matanga hayajapoa tukahamishwa. Mnaokumbuka Operesheni hamhitaji kuelezwa. Lori lilikuja, wakatuambia nyumba zote za pembeni zihamie kijijini, zijengwe kwa mstari, karibu na barabara na shule. Baba alishusha paa mwenyewe. Tulipakia vyungu, kuku, kinu na mlango. Watu wa ufukweni tuligawanywa, wengine wakapelekwa huku na wengine kule, na sisi tukaangukia kijiji cha upande wa Buswelu ambako hata ziwa halionekani. Nilikaa nyuma ya lori nikitazama minyaa inavyobaki. Nilijiuliza, hivi Kulwa atajuaje tulikohamia? Hakuna aliyekwenda kumwambia. Nilibana mpaka lori lilipofika.

Kijijini kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kikigongwa watu wanakwenda shamba la kijiji. Kulikuwa na shule, duka la ushirika, na zahanati yenye harufu ya rangi mpya. Na watu wote walikuwa wageni, kwa hiyo wote waliuliza. Mwalimu aliuliza. Muuza duka aliuliza. Watoto nao, ndiyo usiseme! Mimi nilikuwa nawatazama tu. Wakasema Doto wa kwa Mama Kulwa ni bubu.

Ububu ulikuwa na sababu nyingine pia. Shavu lilikuwa limechimbika. Ulikuwa wakati wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na ugali wake ukipita kwenye kidonda ni kama kusugua na mchanga. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ndio sikuwagusa kabisa kwa ile miiba. Nilikuwa nachukua tonge, nalizungusha upande wa kulia, nalitema kiganjani, nampa mbwa. Mbwa akanenepa. Mimi gauni likaanza kuniporomoka mabegani, na Mama akalishona upya, akalishona tena.

Siku Mama aliponifungua mdomo na kuona, alipiga yowe. Ndipo matibabu yakaanza. Bibi alisema ni "sulua" imebaki mdomoni, haikutoka yote. Akanisukutua kwa maji ya chumvi, akanipaka asali, akanipaka majivu ya mti ninaoujua kwa uchungu wake tu. Kidonda kilikuwa kikipata nafuu, kisha jirani anauliza swali lile, na kesho yake Bibi anakuta kidonda kibichi. Aliniuliza ninakula nini huko shuleni. Hakuna aliyeniuliza kama ninajing'ata, na mimi sikuona kama ni jambo la kusema. Kwangu kile hakikuwa kidonda, kilikuwa kizuizi. Kikipona, nitalia, na nikilia nitachukuliwa.

Mwishowe Bibi akaamua ni kimeo. Kimeo kimerefuka, alisema, kinadondosha sumu mdomoni, ndiyo maana mtoto hali wala hasemi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akija gulioni na kisu chake kilichopinda, akikata vimeo vya watoto. Mtoto wa shangazi alikatwa na yule yule, na niliona kanga yao ilivyorudi imelowa damu. Bibi akasema gulio lijalo tunakwenda.

"Mama, tujaribu kwanza zahanati," Mama alimwambia Bibi. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Zahanati ya kule walimpa Kulwa vidonge. Vilimsaidia nini?"

Baba aliyekuwa anasuka kamba alikohoa akasema, "Waende zahanati. Wakirudi bure, gulioni mtakwenda." Kwa Baba hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Mama alinipeleka asubuhi iliyofuata, na njiani alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, na mtoto huyo alikuwa anakonda mbele ya macho yake.

Nesi wa pale alikuwa Mhaya wa Bukoba, jina lake Paskazia, mnene, mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Mama akamsalimu, "Mwangaluka," halafu akajirekebisha kwa Kiswahili. Nikatoa shikamoo yangu ya mdomo uliofungwa. Nesi akaniweka kwenye benchi karibu na dirisha, akamsikiliza Mama kuhusu surua, akawasha tochi, akasema nifungue.

Alitazama muda mrefu. Akatazama kulia, akatazama ulimi, akatazama fizi, akarudi kushoto. "Surua ilimtoka lini?"

"Kabla hatujahama."

"Basi si surua. Surua haichagui shavu moja, tena kwenye mstari mmoja hivi." Akanishika kidevu. "Funga mdomo. Fungua. Funga." Alikwenda kwenye beseni kunawa mikono, na akiwa ametupa mgongo aliniuliza kama mtu anayepitisha muda, "Unaitwa nani, binti?"

"Doto."

"Aa, Doto. Na Kulwa yuko wapi, yuko shuleni?"

Mama akatazama sakafu. Nesi akageuka na taulo mkononi, na nadhani alichokiona ni shavu langu likizama, maana aliacha kujifuta. Akaja kukaa karibu yangu akaniuliza kama shule ni nzuri, kama tuna mbuzi, yupi ni mkorofi. Nikamwambia ni yule mweusi. Shavu likarudi mahali pake. Ndipo akaweka kidole gumba taratibu juu ya shavu, kwa nje, akauliza kwa upole kabisa, "Na Kulwa?"

Meno yakaenda yenyewe. Akayasikia chini ya kidole chake.

"Mama Doto," alimwita mama yangu. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na Mama alichelewa kuitika. "Kulwa amefariki?"

Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Na huyu alilia?"

"Hapana. Kwetu pacha haliliwi."

"Na wewe?"

Mama akanipandisha gauni lililoporomoka begani. Nesi Paskazia hakumsukuma. Akamwambia wazi, kama mtu anayeeleza namna ya kuchemsha maji, kwamba hakuna ugonjwa mle mdomoni. Kidonda kiko pale tu ambapo meno yanafika, kipya juu ya kikuukuu, kwa sababu mtoto anajing'ata mwenyewe. "Wala msimchape. Hafanyi ukorofi, na nusu ya wakati hata hajui kama anafanya."

Mama alinitazama kama niliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. "Doto, ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haiumi?"

"Inauma."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

"Ikiuma, silii."

Mama alichukua upindo wa kanga akajiziba mdomo. Nilidhani amekasirika. Nesi akainuka, akatoa chupa ya ile dawa ya zambarau, jivii, akanipaka mpaka ulimi wote ukawa kama nimekula zambarau msimu mzima. Akamwambia Mama anisukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni, anipe uji usio na moto na maziwa, pilipili na samaki wa miiba wasubiri. Mimi akanifundisha ujanja. Nikisikia meno yanataka nyama, nijaze mashavu upepo, kama ninayetaka kupuliza moto. "Jaribu. Sasa jing'ate." Nikajaribu, nikashindwa, nikacheka, na zambarau ikanichuruzika kidevuni. Mama alinitazama nikicheka kama mtu aliyesahau kicheko kikoje.

"Na kimeo?" Mama akauliza kwa sauti ya chini.

Nesi akamulika koo tena. "Kimeo chake kizima, kikae hapo hapo. Shavu ndilo linaloumwa, kimeo kina kosa gani? Jiko linavuja, wewe unakwenda kuezeka choo?" Halafu akawa hana mzaha. "Dawa hii itatibu kidonda. Lakini mtu akimuuliza mtoto huyu Kulwa yuko wapi, mmemfundisha ajibu nini?"

Mama akanifuta zambarau kidevuni kwa kanga.

"Maana watamuuliza mpaka azeeke. Mimi mtu wa Bukoba nimemuuliza, itakuwa nyie wenyewe! Lazima awe na jibu. Na atalipata kwako."

Kidonda kilipona. Si kwa wiki wala kwa mbili. Kilifunga, nikakifungua, kikafunga tena, na kwa muda mrefu nilikuwa mtoto wa kutembea mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta, watoto wananicheka. Gulioni sikupelekwa. Na Nesi alikuwa amesema kweli, hadi leo wananiuliza. Lakini hayo yalikuja baadaye, na siku ile ilikuwa haijaisha.

Tulipokuwa tunarudi tulikutana na Mama Masanja, jirani yetu wa ufukweni, mmoja wa wale waliopelekwa kijiji kingine mapema, kabla ya msiba wetu. Alikuwa ametoka ziwani, tenga la samaki kichwani, na alipotuona alipaza sauti kwa furaha tangu mbali. "Mama Kulwa! Jamani, ndiyo mko huku? Na huyu Doto mwenyewe, mbona amekonda hivi? Na Kulwa yuko wapi?"

Nikajaza mashavu upepo. Nikamtazama Mama.

Mama alisimama katikati ya njia. Akasema, "Kulwa alikufa. Surua ilimuua. Tumemwacha kule kwenye minyaa, peke yake." Na lile neno la mwisho halikumalizika vizuri, maana alikaa chini, pale pale vumbini, akalia kwa sauti kama wanavyolia watu wote kwenye misiba ya watu wengine. Mama Masanja akatua tenga, akakaa naye, akalia pia. Mama akanivuta mapajani. "Lia, Doto. Lia, mwanangu, nimekuruhusu."

Nikalia. Niseme ukweli, nililia kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Kulwa kupita kiasi, lakini pia nililia kwa nguvu zaidi ya nilivyohitaji. Nilielekeza uso upande wa ziwani nikapaza sauti kadiri nilivyoweza. Bibi alikuwa amesema sauti zetu ni moja na kwamba atasikia. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilitaka asikie, ajue tulikohamia, aje anichukue twende wote, au aje tu, akae, aniombee samaki.

Tulipofika nyumbani Bibi alikuwa mlangoni. Aliona macho yangu kabla Mama hajasema neno. Uso ulimbadilika, akanishika mabega. "Umelia? Mama Kulwa, mtoto amelia?"

"Amelia, Mama. Nimemwambia mimi."

Nilitegemea ugomvi. Bibi hakugomba. Alileta kigoda akakiweka kizingitini, akaniketisha miguuni pake, akanizungushia mikono miwili, na akakaa akitazama njia inayotoka ziwani. Hakwenda kuchambua choroko zake, hakwenda kusalimiana na majirani. Kila alipopita mtu alinibana zaidi. Nami niliitazama njia ile ile. Mtoto yeyote aliyetokea kwa mbali na gauni, nilinyanyua shingo. Bibi alikuwa anaomba asije. Mimi nilikuwa naomba aje.

Jua lilishuka. Mbuzi wakarudi, yule mweusi mbele. Reli ikagongwa, watu wakatoka shamba la kijiji na majembe mabegani, wakapita, njia ikabaki tupu. Mama akaita kwamba uji wangu umepoa, nije ninywe.

Bibi akashusha pumzi ndefu, mikono yake ikalegea. Akanibusu utosini, anacheka na machozi yanamtoka. "Hajaja! Ashukuriwe Mungu, mama, hajaja, na sasa hatakuja tena."

Alikuwa na furaha kweli. Mimi nikaitazama njia mara moja zaidi, nikaelewa kwamba Kulwa amekufa, nikaingia ndani kunywa uji.